Tiketi ya Jukwaa la Wageni: Tathmini ya Huduma Niliyouziwa Siku ya Mechi ya Watani

Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikinunua tiketi za mpira bila kujiuliza kwa makini ni huduma gani hasa ninayoilipia. Nikinunua jiko likavuja gesi, nalirudisha siku hiyohiyo. Fundi akiniezekea paa likavuja, namwita aje aone. Uwanjani sivyo. Tunabanwa getini, tunatukanwa, tunarushiwa chupa, wengine wanatoka wamepoteza kiatu kimoja, na kesho yake tunaamka tukibishana kuhusu penalti. Mwezi uliopita nilimpeleka mpwa wangu mwenye umri wa miaka 11 kutazama mechi ya watani wa jadi, tukaketi jukwaa la wageni, na niliyoyaona huko ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Uwanja wenyewe sitautaja, kwa sababu kasoro nitakazozieleza si za uwanja mmoja, na anayesoma haya atakuwa ameziona kwingine kwa macho yake.

Tiketi imeandikwa namba ya kiti, na wauzaji huitangaza kana kwamba kiti ndicho kinachouzwa. Kiti ndicho kidogo kuliko vyote. Anayenunua tiketi ya mechi kubwa ananunua njia ya kuingia isiyomvunja mbavu, upekuzi unaomhakikishia kwamba aliye nyuma yake hakuficha kisu wala fataki, watu waliofunzwa kusimama kati yake na wanaoichukia jezi aliyoivaa, na zaidi ya yote ananunua njia ya kutoka. Mpira wenyewe, yaani zile dakika 90, hakuna anayeweza kumwahidi kwamba utakuwa mzuri. Hayo mengine yote anaweza kuahidiwa na anastahili kupewa.

Nianze na mazuri, maana yalikuwapo. Viti vilikuwa safi na namba zake zilisomeka. Vyoo vilikuwa na maji hadi mapumziko. Mama mmoja aliyevaa kizibao cha manjano cha wasimamizi alimshika mkono mzee mwenye bakora akampandisha ngazi zote hadi kwenye kiti chake, kisha akarudi chini bila kusubiri shukrani. Kama kazi yote ya siku ile ingefanywa kwa moyo wa yule mama, tathmini hii ingekuwa ya aya moja.

Kuingia kulikuwa taabu. Upande wa wageni una mageti matatu, na hadi nusu saa kabla ya mechi lilikuwa limefunguliwa moja. Foleni ikageuka kundi, kundi likageuka msukumano, nikambeba mpwa wangu mgongoni japo miguu yake sasa inafika karibu na magoti yangu. Upekuzi ulikuwa wa kupapasa mifuko ya suruali tu. Begi la mtoto halikufunguliwa, wala mifuko ya kijana aliyekuwa mbele yetu, na dakika ya 12 kijana huyohuyo aliwasha fataki nyekundu safu nne chini yetu, moshi ukatufunika. Mtu anayetozwa kiingilio ili apekuliwe, kisha asipekuliwe, ameuziwa kitu ambacho hakikuwapo.

Kati yetu na wenyeji palikuwa na safu kadhaa za viti vilivyoachwa wazi, kamba, na wasimamizi ambao sikuwahesabu kufika kumi. Hadi kipindi cha kwanza kinakwisha yalikuwa matusi tu. Dakika ya 63 timu yetu ilifunga goli, mshika kibendera akainua mkono, goli likakataliwa, na hapo ndipo chupa ya kwanza ilipovuka kamba. Ilikuwa chupa ya maji iliyojaa nusu, ikaja ikizunguka hewani, ikapiga mgongo wa kiti kilichokuwa wazi mbele yetu kwa mlio kama wa kofi. Mpwa wangu hakulia. Alinishika kidole gumba akakibana, akawa haangalii tena uwanjani bali anaangalia juu, akingojea nyingine. Zilikuja tatu. Kijana mmoja wa usimamizi alisimama juu ya kiti, mikono wazi, akawa anawaambia watu wa pande zote mbili, "Jamani, kuna watoto hapa," kwa sauti ya kawaida, bila kufoka, hadi mikono iliyoinuka ikashuka. Mpangilio wa uwanja haukutuokoa, alituokoa yeye.

Mchezo ulipotulia niliinuka nikaenda kutazama njia ya kutoka. Chini ya jukwaa letu, mwisho wa ngazi, kuna geti la chuma lenye maandishi makubwa ya rangi nyeupe yanayoelekeza kutokea. Lilikuwa limezungushiwa mnyororo mara mbili, na kwenye mnyororo kulikuwa na kufuli jipya la shaba ambalo bado lilikuwa na kipande cha karatasi ya dukani. Pembeni alikaa mlinzi. Nikamuuliza ufunguo uko wapi. Akanijibu kwa heshima kabisa, "Mzee, ufunguo uko kwa mkuu wa zamu." Nikauliza mkuu wa zamu yuko wapi. Akanyoosha mkono kuelekea jukwaa kuu, ng'ambo ya uwanja. Alisema wanalifunga ili watu wasio na tiketi wasiingie, na hulifungua mechi ikiisha. Nilikadiria mwendo wa kutoka pale hadi jukwaa kuu: dakika tano kwa mtu anayetembea haraka, njia ikiwa nyeupe. Siku ambayo geti hilo litahitajika, njia haitakuwa nyeupe.

Tangu siku ile sijaacha kulifikiria kufuli hilo, kwa sababu historia ya maafa ya uwanjani, ukiisoma kwa utulivu, kwa sehemu kubwa ni historia ya mageti. Tarehe 24 Mei 1964 mjini Lima, Peru ilikuwa ikicheza na Argentina kuwania nafasi ya kwenda Olimpiki. Goli la Peru likakataliwa dakika za mwisho, watazamaji wawili wakaingia uwanjani, polisi wakarusha mabomu ya machozi majukwaani. Watu walikimbilia ngazi zinazoshuka mtaani, wakakuta chini kuna milango ya chuma iliyoteremshwa. Wengi walikufa kwa kukosa hewa, wamelaliana mwisho wa ngazi, na hesabu rasmi ya waliofariki ilikuwa 328. Goli lililokataliwa, chupa, ngazi, geti: mimi na mpwa wangu tulikuwa navyo vyote vinne, kasoro gesi.

Mjini Accra, tarehe 9 Mei 2001, Hearts of Oak iliifunga Asante Kotoko mabao 2 kwa 1, mashabiki wakaanza kung'oa viti na kuvirusha, polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi, na waliokimbilia kutoka wakakuta mageti yamefungwa. Walikufa watu wasiopungua 126. Huko Malang, Indonesia, tarehe 1 Oktoba 2022, Arema ilifungwa na Persebaya mabao 3 kwa 2, mashabiki wakaingia uwanjani, polisi wakarusha gesi hadi majukwaani, na watu 135 wakapoteza maisha, wengi wao kwenye geti namba 13. Kanuni za usalama za FIFA zinakataza kabisa gesi ya aina hiyo kubebwa au kutumiwa uwanjani, lakini kanuni iliyo kabatini haimsaidii aliye ngazini. Na jambo moja la Malang wasomaji wengi hawalijui: mashabiki wa Persebaya hawakuruhusiwa kuhudhuria mechi ile. Waliokufa hawakufa kwa kupigana na wapinzani, maana wapinzani hawakuwapo.

Sisemi kwamba mashabiki ni malaika. Port Said, Misri, tarehe 1 Februari 2012, baada ya Al-Masry kuifunga Al Ahly mabao 3 kwa 1, maelfu walivamia upande wa wageni wakiwa na visu na marungu, na watu 74 wakauawa, baadhi kwa kupigwa na wengine kwa kubanwa kwenye njia ya kutokea iliyokuwa imefungwa. Damu ile iko mikononi mwa walioshika visu, na hakuna mazingira ya uwanja yanayoweza kuwatakasa. Hata hivyo, waliohukumiwa baadaye ni pamoja na maofisa wa polisi, kwa sababu mahakama iliona kwamba kuna watu waliolipwa ili jambo lile lisitokee nao wakaliacha litokee. Anayetathmini huduma lazima ayashike yote mawili kwa pamoja: yule aliyerusha chupa ana hatia, na yule aliyelifunga geti ana hatia yake.

Kwenye basi la kurudi ulizuka mdahalo, na kwa sehemu kubwa ulikuwa wa mzaha. Bwana mmoja aliyekuwa amechaniwa jezi alisema michezo ipigwe marufuku kama dawa za kulevya, maana inaharibu ndoa, mapafu na nguo. Mwingine akapendekeza kila timu ipewe kombe lake kabla ya mechi ili watu wakalale mapema. Mama aliyeketi karibu na dereva akasema afadhali tulipishwe kiingilio cha kwenda kuutukana ukuta, kwa kuwa ukuta haurushi chupa. Basi zima lilicheka. Mimi niliichukua hoja ile kwa uzito wake, kwa sababu mtoto aliyeketi pembeni yangu alikuwa ameniuliza swali hilohilo bila mzaha wowote: kama mpira unafanya watu wawe hivi, kwa nini upo?

Kupiga marufuku si wazo jipya. Mwaka 59 baada ya Kristo, wakazi wa Pompeii, mji wa Kirumi, na wageni wao kutoka mji jirani wa Nuceria walianza kwa kutupiana matusi kwenye maonyesho ya wapiganaji, wakaingia kwenye mawe, wakaishia kwenye mapanga. Wageni wengi wakafa, na Seneti ya Roma ikaupiga mji huo marufuku ya kufanya maonyesho ya aina hiyo kwa miaka 10. Mashabiki hawakubadilika kwa hilo. Mwaka 532, mjini Constantinople, ambao leo ni Istanbul, makundi ya Bluu na Kijani yaliyokuwa yakishangilia mbio za magari ya farasi yaliungana dhidi ya mfalme Justinian, mji ukachomwa, na mwisho wake askari waliingia katika uwanja wa mbio na kuwachinja waliokuwa ndani. Mwandishi wa zama hizo aliandika kwamba waliouawa walizidi 30,000. Kodi na dhuluma za watawala zilikuwa nyuma ya hasira ile, lakini rangi za timu ndizo zilizowapanga watu katika makundi. Hivyo simwambii mpwa wangu kwamba ushabiki hauna sumu. Unayo, na ni ya kale.

Tena kuna madhara yasiyofika uwanjani kabisa, na haya ndiyo yanayoniumiza zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster walichunguza taarifa za polisi wa Lancashire wakati wa Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010, wakakuta kwamba siku Uingereza ilipofungwa, taarifa za ukatili wa majumbani ziliongezeka kwa asilimia 38, na hata iliposhinda au kutoka sare ziliongezeka kwa asilimia 26. Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba timu ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ya eneo fulani ikifungwa mechi iliyotarajiwa kushinda, ukatili wa wanaume dhidi ya wake na wenzi wao majumbani unapanda kwa karibu asilimia 10. Wanawake hao hawakununua tiketi. Mwenye uwanja hawezi kulifungua geti la nyumba yao, na asijitokeze mtu kuniambia kwamba ni utani wa mpira tu.

Pamoja na hayo, nakataa kwamba mchezo ndio chanzo. Mwanamume anayempiga mkewe kwa sababu ya matokeo ameutafutia mkono wake kisingizio, na ligi ikifutwa atapata kingine. Tena anayesema michezo ina madhara kwa kawaida anachanganya kucheza na kutazama. Watoto wanaokimbiza mpira jioni hawamdhuru mtu. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima aupe mwili mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na wengi wetu tungekuwa hatujafikia hata robo kama si mpira. Ubishi wetu ni juu ya biashara ya kuwakusanya makumi elfu ya watu mahali pamoja wakiwa wamegawanyika kwa rangi, na biashara hiyo ina mwenyewe, ina mapato, na ina wajibu.

Wenye biashara wamejaribu dawa kadhaa, na si zote zinazofaa. Iliyo rahisi kwao ni kuwazuia wageni wasihudhurie. Argentina ilianza kuitumia mwaka 2013, na bado tarehe 24 Novemba 2018 basi la Boca Juniors lilipigwa mawe na mashabiki wa River Plate likielekea kwenye fainali ya pili ya Copa Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, mechi ambayo shabiki wa Boca hakuruhusiwa kuingia. Wachezaji wakaumia, na fainali hiyo ikaishia kuchezwa Madrid tarehe 9 Desemba. Kumwondoa mgeni hakumfundishi mwenyeji adabu. Kilichofanyika Istanbul mwezi Septemba 2011 kilinipendeza zaidi: badala ya klabu ya Fenerbahçe kucheza uwanja mtupu kwa sababu ya fujo za mashabiki wake, waliruhusiwa wanawake na watoto wa chini ya miaka 12 bila malipo, wakafika zaidi ya 41,000, wakaimba dakika zote. Sidai kwamba uwanja ubaki hivyo, maana nami nataka kuingia, lakini siku ile ilionyesha kwamba kelele na chupa si kitu kimoja.

Dawa ninayoiamini ni ya kumfuata mtu mmojammoja. Uingereza ina amri za mahakama zinazoweza kumzuia mhusika wa fujo asiingie viwanjani kwa miaka 3 hadi 10 na kumlazimisha asalimishe pasipoti timu inapocheza nje. Huo ni uchungu unaomfikia aliyekosa bila kumgusa mzee mwenye bakora. Na Uingereza iliyafikia hayo kwa gharama kubwa. Kwenye uwanja wa Heysel, mjini Brussels, tarehe 29 Mei 1985, mashabiki wa Liverpool waliwavamia wa Juventus, ukuta ukaanguka, watu 39 wakafa, na klabu za Uingereza zikafungiwa mashindano ya Ulaya kwa miaka 5, Liverpool yenyewe miaka 6. Mashabiki 14 walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Lakini uwanja ule ulikuwa umechakaa, na pande mbili zilitenganishwa kwa uzio dhaifu na polisi wachache.

Miaka 4 baadaye, kwenye uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989, watu walibanwa dhidi ya uzio wa chuma hadi wakafa, na jumla yao leo inahesabiwa 97. Kwa sababu Heysel ilikuwa bado masikioni, ilikuwa rahisi kuwasingizia mashabiki, na kamanda wa polisi alidai wao ndio waliovunja geti, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyeamuru lifunguliwe. Ilichukua hadi mwaka 2016 jopo la uchunguzi kutamka kwamba waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Familia zilingoja miaka 27. Ndiyo maana naudhika kila nisikiapo kiongozi wa mpira akisema "wahuni" kabla hata majeruhi hawajafikishwa hospitali. Neno hilo hufunga faili mapema kuliko kufuli linavyofunga geti.

Kwa hiyo, kwa uwanja niliokwenda: usafi naupongeza, wasimamizi wale wawili ningewapandisha cheo leo, upekuzi haukuwapo, utenganisho ulikuwa wa kubahatisha, na njia ya kutoka naihesabu kuwa haikutolewa kabisa, ingawa nilitozwa. Mzazi akiniuliza kama ampeleke mwanawe jukwaa la wageni, namshauri aingie saa nzima kabla ya mechi, akae karibu na ngazi na si katikati ya safu, na kabla hajaketi aende mwenyewe akalishike geti la kutokea kwa mkono. Likiwa na mnyororo, amwombe msimamizi amwite mwenye ufunguo, na asione haya kurudia ombi hilo.

Niliwaandikia wasimamizi wa uwanja barua, nikaambatanisha picha ya kufuli na namba ya geti, nikapendekeza mnyororo uondolewe, geti liwekwe komeo la kusukuma kutoka ndani, na mtu asimame hapo kuwazuia wasio na tiketi. Baada ya siku 9 nilijibiwa kwamba suala langu limepokelewa na linafanyiwa kazi. Mechi ya kombe inatupeleka uwanja uleule wiki ijayo. Mpwa wangu alisita kwanza, kisha jana usiku akaniambia twende, ila akataka tufike mapema ili tupitie kule chini ya ngazi pamoja. Tiketi mbili nimeshazinunua, safu ya mwisho pembeni, karibu na geti.